Viti Vitano

Mjomba wangu alikuwa mhesabu madirisha. Ndege yoyote ikipita chini juu ya mji wetu wa Punia, mashariki mwa Kongo, iwe Leti ya mizigo inayoinama kutafuta uwanja au Antonov inayopanda kwa shida na magunia yake ya kasiterite, madini ya bati, aliacha jembe, akakinga macho kwa kiganja, akahesabu huku midomo ikimcheza. Manne huku, basi na manne kule. Akimaliza aliitaja idadi kwa sauti, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali darasani, kisha akainama akaendelea kulima. Wajukuu walimzoea. Mimi sikumzoea, kwa sababu nilikuwapo siku alipoanza, na siku hiyo ilikuwa ya helikopta.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba usafiri wa helikopta, ule wa tiketi na ratiba, haujawahi kuwapo popote duniani. Sisi tunaijua helikopta kwa namna nyingine. Hushuka bila kutangaza, ikang'oa majani ya paa la jikoni na kuwafanya akina mama wavishike vikwembe vyao kwa mikono miwili, ikateremsha watu wenye fulana za mifuko mingi, ikaondoka. Haina saa wala bei. Muulize mtoto wa Punia helikopta ni faranga ngapi, atakutazama kana kwamba umemuuliza radi ni faranga ngapi. Kwa hiyo siku nilipokutana na habari za Sabena na helikopta zake, niliweka kitabu chini, nikatoka nje kidogo, nikarudi kukisoma upya.

Sabena kwa wazee wetu ni jina lisilohitaji maelezo. Ni kampuni ya ndege ya Wabelgiji, iliyoundwa mwaka 1923, na Kongo ilikuwa ndoto yake tangu utotoni. Mwezi Februari 1925 rubani wao Edmond Thieffry aliondoka Brussels akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, baada ya siku 51. Ndiye wa kwanza kuziunganisha nchi hizi mbili kwa ndege. Miaka minne baadaye alirudi Kongo kuchunguza njia za ndege za ndani, yaani njia za kwetu, akaanguka akafa si mbali na Ziwa Tanganyika. Nchi hii ilipimwa kutoka angani mapema kuliko inavyodhaniwa, na waliopima walikuwa tayari kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Swali langu ni kilichofanyika baada ya kupima.

Tarehe 1 Septemba 1953 Sabena ilianza jambo lisilokuwa na mfano: safari za helikopta zenye ratiba, za kuvuka mipaka ya nchi, kwa abiria yeyote mwenye nauli. Waingereza walikuwa wamejaribu ndani ya nchi yao mwaka 1950, kati ya Liverpool na Cardiff, na New York ilikuwa imeanza kubeba abiria wiki chache tu nyuma yake. Lakini kupanda helikopta mjini Brussels ukashukia Uholanzi au Ufaransa, mfukoni una pasipoti na mkononi tiketi, hilo lilikuwa geni. Walianza na Sikorsky S-55, mashine ya abiria wachache wanaohesabika kwa vidole vya mikono miwili, vikabaki. Walikwenda Antwerp, Rotterdam, Maastricht, Liège, Lille, Cologne, Bonn. Baadaye wakaleta S-58 yenye nafasi za abiria kumi na wawili, na mwaka 1957 wakafungua njia ya Paris, wakitua Issy-les-Moulineaux, kwenye ukingo wa jiji lenyewe.

Nimeitazama picha ya S-58 mpaka naijua kama ninavyoijua kinga yangu, yaani baiskeli yangu. Injini imewekwa puani, injini ya pistoni yenye silinda tisa zilizojipanga duara kama petali za ua, na ndiyo maana uso wake umevimba. Marubani wamekaa juu ya injini, kwenye kibanda chao, juu kabisa kama watu waliopanda mwembe. Abiria wako chini na nyuma, tumboni mwa mashine, na huingia kwa mlango mmoja wa ubavuni. Mkia unashuka kuelekea ardhini. Si chombo kizuri. Ila katika picha ninayoipenda kuna mama mwenye kofia na glavu anayeweka mguu kwenye ngazi akiwa hana haraka, mfanyakazi amemshikia kiwiko, na nyuma yao zinaonekana nyumba za ghorofa zenye nguo zilizoanikwa. Huyo mama alikuwa anasafiri tu. Jioni labda alikuwa nyumbani kwake akipika.

Kiwanja chao cha Brussels kilikuwa Allée Verte, karibu na katikati ya jiji. Mtaa huo una historia: mwaka 1835 hapohapo ndipo ilipoanzia reli ya kwanza ya mvuke ya kubeba abiria katika bara la Ulaya, ikielekea Mechelen. Yaani helikopta ilikuja kutua palepale treni ilipozaliwa. Sidhani walioipangia walilitafakari sana hilo. Nalitafakari mimi, maana treni ndiyo iliyokuja kumzika mgeni wake.

Mwaka 1958 ukawa mwaka wa fahari. Brussels ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na watu wapatao milioni arobaini walipita milangoni. Sabena ilifungua kiwanja cha helikopta cha maonyesho, ikakodi mashine nyingine kubwa zaidi za Vertol, ikawa inapeleka na kurudisha watu, na wengine inawazungusha tu angani walione jiji kwa juu. Chini yao, katika eneo la Kongo, palikuwa na kijiji. Ndugu zetu waliletwa kutoka huku, wakakalishwa ndani ya uzio mbele ya vibanda, wafanye kazi za mikono huku wageni wakiwatazama. Kuna waliowarushia ndizi. Mwezi Julai walikuwa wamechoka, wakaondoka. Nikizisoma siku hizo siwezi kuvitenganisha vitu hivi viwili: mapanga ya helikopta yanayokata hewa juu, na mtu wa Kongo anayeinua macho kutoka kwenye kazi yake kuyasikiliza. Aliiona helikopta ya abiria kabla yangu kwa miaka mingi. Aliiona akiwa upande uleule wa uzio ambao mjomba wangu angekuja kusimama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yakishuka. Helikopta ni mashine inayojibeba kwa nguvu tupu. Haina bawa la kuegemea hewa kama ndege ya kawaida, na kila dakika ya kuelea inalipiwa mafuta. Vipande vinavyozunguka ndani yake ni vingi, na kila kimoja kina saa zake za maisha zilizoandikwa kitabuni. Zikitimia kinatolewa, hata kama macho hayaoni kasoro. Saa moja angani ina saa nyingi za mafundi nyuma yake. Mashine ya injini moja juu ya jiji inahitaji kupita mahali inapoweza kutua injini ikizimika. Ukungu wa Ulaya ya kaskazini huifungia nyumbani, na baridi ya kugandisha mapanga vilevile. Kwa viti kumi na viwili, hesabu haikukubali hata siku ambazo vyote vilijaa. Tofauti kati ya nauli na gharama ililipwa na mwenye kampuni, na mwenye kampuni kwa sehemu kubwa alikuwa serikali.

Zaidi ya yote, palikuwa na njia nyingine. Kutoka Brussels hadi Antwerp hakufiki kilomita 50, na treni ipo. Mwaka 1957 uleule wa kufungua njia ya Paris, reli za Ulaya zilianzisha treni zao za haraka za kuunganisha nchi. Barabara pana zikajengwa. Huku nako, Juni 1960 tulipata uhuru, na mwaka uliofuata ikaundwa Air Congo. Sabena ikapoteza mtandao mkubwa iliokuwa nao ndani ya nchi yetu. Sisemi uhuru wetu ndio uliozishusha helikopta za Brussels. Zilikuwa zimechakaa, na kuzibadilisha kwa mashine mpya za turbini kulidai fedha ambazo hakuna aliyetaka tena kuzitoa. Tarehe 1 Novemba 1966 safari hizo zilisimama. Zilikuwa zimedumu miaka kumi na mitatu.

Wamarekani walifikia mwisho huohuo kwa njia ya maumivu zaidi. Walikuwa na kampuni za helikopta New York, Los Angeles, Chicago na San Francisco, nyingi zikiishi kwa ruzuku ya serikali mpaka ilipokatwa mwaka 1965. Mwaka 1968 Los Angeles Airways ilipoteza mashine mbili ndani ya miezi mitatu pamoja na watu wote waliokuwamo, zaidi ya arobaini. New York Airways ilikuwa ikitua juu ya paa la jengo la Pan Am, katikati ya jiji, mpaka tarehe 16 Mei 1977 mguu wa gurudumu la helikopta iliyokuwa imesimama ulipovunjika, ikalala ubavu mapanga yakizunguka. Wanne walifia juu ya paa, na mmoja chini kabisa barabarani, mpita njia aliyeangukiwa na kipande. Miaka miwili baadaye ikaja ajali nyingine, ya Newark, na kampuni ikafungwa.

Ningeweza kuishia hapo na kusema helikopta ya abiria ni kosa. Wengi wameishia hapo. Lakini tazama visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza: helikopta ya kutoka Penzance ilianza mwaka 1964 ikaendelea mpaka 2012, karibu nusu karne, kwa sababu katikati kuna bahari. Tazama hasa Greenland. Mwaka 1965 kampuni ya kule ilileta helikopta kubwa za Sikorsky S-61, nazo zikawa ndizo mabasi ya nchi nzima, kijiji kwa kijiji, kwenye pwani isiyo na barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Viwanja vya ndege vilipojengwa mijini, helikopta ziliwaachia ndege njia zile kubwa. Vijiji vidogo vimebaki nazo hadi leo. Kuna kijiji cha watu wasiofika mia moja ambacho helikopta hukifikia kwa ratiba, na serikali inalipa kilichopungua kwenye nauli. Greenland nzima ina watu kama 56,000.

Hapo ndipo moyo wangu unaposimama. Nimekuwa nikisikia tangu utoto kwamba sisi ni wachache mno na tumetawanyika mno msituni kuweza kuhudumiwa. Kwamba huduma hufuata watu, na watu wa Punia hawatoshi. Greenland ina msitu wa barafu, na watu wake hawajazi hata mtaa mmoja wa Kinshasa. Kuna waliokaa mezani wakaamua kwamba mzee wa kijiji cha watu sitini akiugua ana haki ya kiti, na kiti hicho kitaruka hata siku ambayo mzee ni mzima nacho ni kitupu. Njia ya usafiri huendeshwa na anayekubali kulipia kiti kitupu. Brussels walikubali kwa miaka kumi na mitatu, wakiwa na treni mlangoni. Punia hakuna aliyewahi kukubali hata kwa wiki moja.

Mkoa wetu wa Maniema ni zaidi ya mara nne ya Ubelgiji nzima. Ndege wa angani akitoka Punia kwenda Kindu, mji mkuu wa mkoa, haruki hata kilomita 200. Mwanadamu wa chini huhesabu kwa siku. Pikipiki ikipata kiangazi na dereva mwenye subira, siku mbili. Masika ikinyesha, usiulize. Madaraja ni magogo, na gogo likioza linangoja mwenye gari wa kwanza atakayekwama ndipo lipate mwenzake. Mizigo mingi inasukumwa kwa kinga. Mtu hufunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya tandiko, akapakia mchele, mawese, chumvi, sabuni, mpaka kinga yenyewe haionekani, kisha akaisukuma siku nyingi, amelala juu yake kwa bega kama anayemwegemeza mlevi. Kwenye mlima wenzake wawili humsaidia, halafu wanarudi kuchukua zao. Kiswahili hiki ninachokiandika kiliingia Maniema kwa miguu, mdomoni mwa watu wa misafara waliotoka pwani kuja Nyangwe na Kasongo katika karne ya kumi na tisa. Kimekua, kimesomwa, kimefika redioni na kwenye simu. Njia kiliyopitia haijakua nacho.

Haikuwa hivi daima, na hilo ndilo linalouma. Kampuni za bati za Wabelgiji zilikata barabara na kusawazisha viwanja vya ndege huku, kwa jasho la babu zetu. Mwaka 1976 kampuni hizo ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Wazee wanakumbuka makantonye, wale waliopewa kila mmoja kipande chake cha barabara cha kufyeka na kuziba mashimo, na kila mmoja aliona fahari kipande chake kisipitwe na cha jirani. Kisha Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka mjini London, bei ikaporomoka, na kampuni ikaanza kufa taratibu. Vita vya miaka ya 1990 vilimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani. Barabara zilikuwa zinalipiwa na bati. Bati likakosa bei, msitu ukarudi kuchukua chake. Wala anga haikubaki salama. Tarehe 10 Oktoba 1998 ndege ya abiria, Boeing 727, ilitunguliwa ikitoka Kindu, watu 41 wakafa. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu akiagwa kwenda uwanjani, wanawake walilia kabisa, wala hawakungoja msiba.

Ndege zilirudi nchi ilipomaliza kupigana, zikarudi kwa ajili ya gunia. Kasiterite ilipanda bei, na kilo kadhaa za mchanga mweusi zikawa na thamani ya kulipia mafuta ya ndege kutoka Punia na Kasese hadi Goma au Bukavu. Ndege inakuja na bia, samaki wa chumvi, mabati, betri. Inaondoka na madini. Abiria hupewa nafasi iliyobaki. Nimesafiri hivyo: magunia madogo mazito kupita ukubwa wake yamepangwa sakafuni, sisi tumebanwa pembeni, magoti kidevuni, mkanda mmoja kwa watu wawili, na harufu ya mafuta na samaki. Ninayemheshimu kwenye ndege ile ni rubani. Mwenye tiketi ni gunia.

Mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa Goma ulipofungwa na vita, na katikati ya Februari wa Kavumu, Bukavu, nao ukafuata, ilibainika jinsi uzi ule ulivyokuwa mwembamba. Uwanja unaofungwa mbali hivyo hupandisha bei ya sabuni Punia kabla habari yenyewe haijafika vizuri.

Na helikopta? Zimepita juu yetu miaka yote hiyo, za kazi mbalimbali, na kazi nyingi kati ya hizo zilikuwa njema. Zilileta chanjo. Zilileta masanduku ya kura. Sina ugomvi na rubani yeyote aliyewahi kututulia. Nasema tu nilichokiona.

Ilikuwa miaka ile nchi inaanza kutulia. Mjomba alishikwa na ngiri, ikanasa. Mwenye kuijua ngiri iliyonasa anajua kwamba utumbo umenyongwa na saa zinahesabika. Daktari wa kupasua alikuwa safarini. Tukaambiwa: Kindu. Asubuhi hiyohiyo tulisikia ile sauti inayoanza kifuani kabla ya kufika masikioni, na helikopta ikatua uwanjani. Tulimweka mjomba juu ya kipoyi, mianzi miwili na blanketi, tukakimbia vijana wanne, mimi nikiwa wa nyuma kushoto. Nakumbuka mwanzi ule ulivyonichuna bega. Nakumbuka alivyokuwa akituomba radhi njia nzima kwa uzito wake.

Tulifika. Mizigo ilikuwa inateremshwa, watu wachache walikuwa wanapanda. Kijana mmoja, Mkongo kama sisi, mpole, mwenye karatasi kwenye kibao chenye kishikizo cha chuma, alitupokea. Nikamwambia jina la mgonjwa. Akatazama orodha, akaifunua ukurasa wa pili ingawa alijua wa pili ni mweupe, akarudi wa kwanza.

"Papa," akamwambia mjomba, si mimi, "jina lenu halimo."

Nikasema inakwenda Kindu. Akasema ndiyo, inakwenda Kindu. Nikasema nafasi zipo. Akanyamaza. Kisha akaeleza kwamba majina hutumwa siku kadhaa kabla, kwamba kuna mambo ya bima, kwamba yeye mwenyewe siku mama yake alipofariki hakuweza kuipanda. Nilimwamini, na bado namwamini. Alikwenda kumsemesha rubani, wakaongea, akarudi akitazama chini. Alimpa mjomba chupa ya maji. Alikuwa na mikono inayotetemeka kidogo, na nilitamani awe mtu mbaya ili nipate wa kumchukia.

Wakati huo wote mjomba alikuwa amelala ubavu kwenye kipoyi, magoti ameyakunja, na uso wake ulikuwa sambamba na mlango uliokuwa wazi. Mlango ukafungwa. Mapanga yakaanza, nyasi zikalala chini, kikwembe cha shangazi kikamtoka begani kikakimbia uwanjani, mtoto mmoja akakifuata. Chombo kikanyanyuka, kikainamisha pua, kikaenda zake. Nyasi zilibaki zimelala kwa muda, zikielekea upande mmoja, halafu zikaanza kusimama moja moja.

"Vitano," mjomba akasema.

Nilidhani ni homa. Nikamwinamia.

"Viti. Vitupu vilikuwa vitano. Nimevihesabu."

Tulimpeleka kwa pikipiki. Dereva mbele, mjomba katikati amefungwa kwa shuka kwenye mgongo wa dereva, binamu yangu nyuma akimshika. Mimi nilifuata kwa pikipiki ya pili na mafuta kwenye dumu. Sehemu za matope tulimshusha tukambeba, tukarudi kuvuta pikipiki. Mto mmoja tulivuka kwa mtumbwi, yeye na pikipiki pamoja, mpiga kasia akakataa kupokea pesa. Tulilala nyumbani kwa watu tusiowajua, wakatuchemshia maji usiku mzima. Siku ya tatu tukaingia Kindu. Walimkata kipande cha utumbo. Daktari alitoka akiwa bado na barakoa shingoni, akasema yeye haelewi mtu huyu alifikaje akiwa hai, akakaa kwenye benchi pamoja nasi bila kusema neno jingine.

Mjomba aliishi miaka sita baada ya hapo. Alilima, aliwaoza mabinti wawili, aliona mjukuu akitembea. Sikumsikia akilalamika juu ya asubuhi ile hata mara moja. Alihesabu tu.

Mara ya mwisho alikuwa amekwisha dhoofika, ugonjwa mwingine, wa uzee. Nilikuwa nimekaa naye usiku. Juu sana ilipita ndege, mojawapo ya zile kubwa zinazoivuka nchi yetu bila kutua, na kwa kuwa Punia haina kelele usiku, uliisikia tangu mbali mpaka ilipoishia. Akaniambia nitoke nikahesabu. Nilitoka uani. Kulikuwa na taa mbili, moja nyekundu moja nyeupe, zikitembea kati ya nyota, hakuna zaidi.

Niliporudi aliuliza, "Ngapi?"

"Mengi, mjomba. Sikuweza kuyamaliza."

Alifikiri kidogo.

"Na viti vimejaa?"

"Vimejaa," nikamwambia.

Akavuta shuka, akageukia ukutani.